Guangzhou kwa mara ya kwanza: maswali ya wanaokwenda kuchukua mzigo

Maswali haya yanarudiwa kila msimu na wafanyabiashara wa Kariakoo, Kamukunji, Eastleigh na Kikuubo wanaojiandaa na safari yao ya kwanza ya China. Majibu yanahusu zaidi siku tatu nne za mwanzo, maana hapo ndipo hela nyingi hupotea. Mtu ameshuka na usingizi wake, mji umemtisha au umemfurahisha kupita kiasi, naye anatoa advansi kabla hajajua amesimama wapi. Ushauri wetu unaopita yote: siku mbili za kwanza zunguka, uliza bei, andika. Usilipe.

## Kabla ya kupanda ndege

Nahitaji viza gani, na karatasi zipi ziwe mkononi?

Viza ya biashara ni aina ya M, na huombwa kwa barua ya mwaliko kutoka kampuni ya China au waandaaji wa maonyesho. Ikishatoka, isome vizuri: tarehe ya mwisho ya kuingia, idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia, na idadi ya mara za kuingia. Wengi huchanganya mbili za mwanzo, wakadhani viza inayoisha Desemba inawaruhusu kukaa hadi Desemba.

Kwenye begi la mkononi weka pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko, na jina la hoteli na anwani yake kwa herufi za Kichina. Anwani ya Kichina iombe hotelini kabla ya kusafiri, kisha ichapishe kwenye karatasi. Ofisa wa uhamiaji ataitaka, na dereva wa teksi hatasoma nyingine.

Ukibeba taslimu inayozidi thamani ya dola 5,000, jaza fomu ya forodha unapoingia. Usipoijaza, fedha inaweza kushikiliwa, na wakati wa kutoka huna cha kuonyesha kwamba uliingia nayo.

Niende mwezi gani?

Epuka wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Viwanda hufungwa, vibarua hurudi vijijini, na oda uliyolipia hukaa bila kuguswa. Wiki ya kwanza ya Oktoba pia ni sikukuu ya taifa.

Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mtaa wa Pazhou, Guangzhou, mara mbili kwa mwaka. Ya masika huanza Aprili 15, ya vuli Oktoba 15, na kila moja ina awamu tatu za siku tano tano. Awamu ya kwanza ni mashine, vyombo vya umeme, magari na zana. Ya pili vyombo vya nyumbani, vifaa vya ujenzi na fanicha. Ya tatu nguo, vitu vya watoto na vifaa vya kuandikia. Ukifika awamu isiyo yako utakuta ukumbi umejaa watu, lakini bidhaa yako haimo. Kipindi hicho hoteli hupanda bei sana, kwa hiyo kama unanunua masokoni tu, njoo wiki nyingine.

Kuhusu hali ya hewa: Machi na Aprili unyevu ni mkali hadi kuta na sakafu hutoa jasho, na shati ulilofua usiku asubuhi bado limeloa. Kuanzia Mei ni joto kama la Dar es Salaam ya Februari, pamoja na mvua. Julai hadi Septemba kuna tufani. Januari ni baridi ya sweta, na vyumba vingi havina kipasha joto.

Chaja yangu itaingia kwenye soketi za huko?

Haitaingia. Umeme ni volti 220 kama kwetu, lakini plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba haina tundu lake. Beba adapta mbili. Pawabenki iwe chini ya Wh 100 (wati-saa), na kama utapanda ndege ya ndani ya China, tangu Juni 28, 2025 lazima iwe na 3C, alama ya usalama ya China, inayosomeka. Isiyo nayo huachwa kwenye ukaguzi.

Ni kweli WhatsApp haifunguki?

Ni kweli. WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube zimefungwa kwenye intaneti ya China, iwe ya hotelini au ya laini utakayonunua huko. Njia nyepesi ni roaming ya laini ya nyumbani, au eSIM ya kimataifa uliyoinunua kabla ya kuondoka, kwa kuwa data zake kwa kawaida hupitia nje ya China. Ukiunga simu kwenye Wi-Fi ya hoteli, WhatsApp inakata tena. Watu hudhani simu imeharibika, kumbe wamesahau kuzima Wi-Fi.

Ukiwa bado nyumbani, pakua na usajili vitu vitatu: WeChat (ya ujumbe, hapo ndipo wauzaji wote walipo), Alipay (ya kulipia kwa simu, tazama sehemu ya hela), na ramani ya Amap. Ramani ya Google usiitegemee. China hutumia vipimo vyake vya ramani, hivyo alama yako inaweza kukaa mamia ya mita kutoka ulipo. WeChat mpya wakati mwingine hudai mtumiaji mwingine aithibitishe, kwa hiyo isajili mapema ukiwa karibu na mtu anayeitumia.

## Kushuka na kufika hotelini

Natokaje uwanja wa Baiyun?

Uwanja uko kaskazini ya mji, karibu kilomita 28 kutoka katikati. Treni ya chini ya ardhi, ambayo wote huiita metro, haizidi yuan 10. Kama unafikia mtaa wa Sanyuanli, panda laini ya 3, badilisha Jiahe Wanggang kwenda laini ya 2, shuka Sanyuanli. Kama unakwenda Xiaobei, pita Sanyuanli kituo kimoja hadi Guangzhou Railway Station, badilisha laini ya 5, na Xiaobei ni kituo kinachofuata.

Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha duara, kama kifungo kikubwa cha koti. Unakigusisha getini unapoingia, unakitumbukiza kwenye tundu unapotoka. Ukikipoteza katikati utalipa tena. Mabegi yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia kituoni, hata mara kumi kwa siku.

Laini ya 3 kati ya saa 1:30 na 3:30 asubuhi, na tena saa 11:30 jioni hadi 1:30 usiku, haiingiliki na masanduku. Ukifika muda huo, au usiku wa manane, fuata foleni rasmi ya teksi. Mita huanza na yuan 12. Wanaokufuata ndani ya ukumbi wakisema "taksi, taksi" wapite tu, bei yao ni mara mbili au tatu.

Nikae Xiaobei, Sanyuanli, au hoteli nzuri ya katikati ya mji?

Kwa safari ya kwanza, Xiaobei au Sanyuanli. Xiaobei kuna chakula cha halali, ofisi za kargo za Kiafrika na Kiarabu, na watu wa kuuliza. Jengo la Tianxiu ndilo alama inayojulikana zaidi. Sanyuanli iko karibu na mabegi, nguo na soko la Canaan linalotembelewa sana na Waafrika. Tianhe ni safi na maghorofa yake yanapendeza, ila kila siku utaanza kwa safari ya kwenda sokoni.

Unapolipia chumba uliza kama wanapokea wageni wa pasipoti ya nje. Ndani ya saa 24 lazima uwe umesajiliwa polisi. Hoteli hufanya hivyo yenyewe inapoiskani pasipoti yako. Ukilala kwa rafiki, kazi hiyo ni yenu wawili: mwende kituo cha polisi cha mtaa, na utapewa karatasi ya kutunza.

Mbona lifti inanipeleka ghorofa isiyo yenyewe?

Huko ghorofa ya 1 ni ya chini kabisa, unayoingilia kutoka barabarani. Duka lililoandikwa 3 kwetu tungeliita la ghorofa ya pili. Majengo mengi pia huruka namba 4.

Tofauti ya saa ni ngapi?

Guangzhou iko mbele ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa 5, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa 6. Saa 2 asubuhi ya Dar ni saa 7 mchana huko. Ndiyo maana usiku wa kwanza usingizi hauji: huko ni saa 5 usiku, mwili wako bado uko saa 12 jioni. Usilale mchana wa siku ya kwanza hata kama macho yanawaka, tembea mpaka jioni. Na unapopanga miadi na Mchina, andika saa kwa mtindo wa saa 24, yaani 14:00. Kutafsiri "saa nane" kichwani ukiwa umechoka kumekosesha watu wengi miadi.

## Mtaani

Kwa nini kila nikivuka barabara nakaribia kugongwa?

Kwa sababu mbili. Magari hupita upande wa kulia, na macho yako yamezoea kutazama upande mwingine kwanza. Halafu kuna pikipiki za umeme. Hazina mlio, hupanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, huja kinyume na magari, na mara nyingi zimebeba robota za kitambaa zinazomzidi dereva. Tazama pande zote mbili hata barabara ya upande mmoja, na usirudi nyuma ghafla ukiwa unapiga picha.

Watu wananikodolea macho. Na lile neno wanalolirudia, wananitukana?

Xiaobei hakuna atakayekushangaa. Nje ya hapo utatazamwa, na wengine watataka picha. Kukataa kwa mkono na tabasamu kunatosha.

Neno linalosikika kama "neiga" au "niga" ni *neige*, "kile" kwa Kichina, na watu hulitumia kujaza pengo wanapofikiri, kama sisi tunavyosema "yaani". Halikuhusu. Anayekuita *laoban* anakuita bosi, nawe mwite hivyo hivyo. *Pengyou* ni rafiki, na halipunguzi bei.

Nitakula nini, hasa kama ni Mwislamu?

Tafuta herufi 清真, zinazosomwa *qingzhen*, yaani halali. Mara nyingi ziko kwenye bango la kijani. Migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, hupika tambi za kuvutwa kwa mkono katika supu ya ng'ombe, na ya Wauighuri huchoma mishikaki ya kondoo na kutoa pilau yenye karoti. Xiaobei inayo mingi. Kwingineko nguruwe huingia hata pasipotarajiwa: ndani ya maandazi ya mvuke, kwenye mchuzi, na mafuta yake kwenye mboga. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi, kwa sababu mpishi ataondoa vipande vya nyama na mchuzi utabaki ule ule.

Maji ya bomba usinywe. Hotelini kuna birika la umeme, na mgahawani utaletewa maji ya moto hata kwenye joto. Tembea na karatasi ya chooni, maana vyoo vya masokoni ni vya kuchuchumaa na karatasi hakuna.

Kuna mahali pa kuswali na kusali?

Ijumaa Waafrika wengi huenda msikiti wa Xianxian, karibu na Jiefang Bei Lu, penye kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la Saad bin Abi Waqqas. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe laini, ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi China. Wakatoliki wana kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu karibu na Yide Lu, ambako kuna misa ya Kiingereza Jumapili alasiri. Kusanyiko la ibada vyumbani au hotelini bila kibali liepuke.

## Hela

Nibebe dola, nitumie kadi, au Alipay?

Vyote vitatu, kila kimoja kwa kazi yake. Dola ni kwa advansi kubwa, na hubadilishwa benki kwa pasipoti. Dola moja imekuwa ikizunguka kwenye yuan 7. Asubuhi ni bora, foleni za benki huwa ndefu mchana. Yuan taslimu kidogo ni akiba. Alipay ni ya kila siku: maji, metro, chakula, teksi.

Alipay isajili nyumbani. Weka namba ya simu, piga picha pasipoti, ingiza kadi ya Visa au Mastercard, kisha piga simu benki yako waruhusu malipo ya nje ya nchi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika: kadi inakubaliwa kuingizwa, halafu malipo ya kwanza yanakataliwa ukiwa umesimama mbele ya muuza tambi. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya kadi, ya juu yake hukatwa asilimia 3. Teksi za Didi, za kuagiza kwa simu, ziko ndani ya Alipay hiyo hiyo, na unaandika unakokwenda bila kuongea na dereva.

Wanaobadilisha hela barabarani Xiaobei na Sanyuanli wakwepe hata bei yao ikiwa nzuri. Mchezo ni ule ule: unahesabu, anazichukua "kuhakiki", anakurudishia bunda ambalo noti za katikati ni bandia.

## Sokoni

Masoko yako wapi? Nimeambiwa tu "Guangzhou".

Kila bidhaa ina mtaa wake. Mabegi na ngozi ni Sanyuanli, upande wa Guihuagang. Viatu na saa ni Zhanxi Lu, karibu na Guangzhou Railway Station, na hapo jirani kuna nguo za Baima. Vitambaa ni Zhongda, kituo cha Sun Yat-sen University kwenye laini ya 8. Mapambo, vitu vya kuchezea na vifaa vya sherehe ni Yide Lu. Shanga na vito ni Liwan Plaza, kituo cha Changshou Lu.

Vingine haviko Guangzhou kabisa. Fanicha ni Lecong, Foshan. Taa ni Guzhen, Zhongshan. Elektroniki ni Huaqiangbei, Shenzhen. Vitu vidogo vidogo vya kuchanganya ni Yiwu, ambako ni mkoa mwingine na safari ya ndege.

Masoko mengi hufunguliwa saa 3:30 au 4 asubuhi na kufungwa saa 11 au 12 jioni. Nguo za Shahe na Shisanhang ni kinyume: kazi huanza kabla ya jua kuchomoza, na ikifika mchana wanafunga. Anayefika Shahe saa 8 mchana hukuta wanafagia mabaki ya nailoni.

Tunaelewanaje kwenye bei?

Kwa kalkuleta. Muuzaji anabonyeza, unafuta, unabonyeza yako. Usikubali bei ya kusikia tu. Wengi wa kusini hutamka *shi* (kumi) kama *si* (nne), na hata Wachina wenyewe huulizana.

Vidole navyo vina lugha yake. Kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja, kama bastola, ni nane. Mtu wetu huona mbili. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Ncha za vidole zikikusanywa ni saba, cha shahada kikipindwa kama ndoano ni tisa, ngumi ni kumi. Ukikubali kwa kichwa bei ya vidole vya bastola, umekubali nane.

Kwenye bidhaa za kupimwa, bei ni ya *jin*, nusu kilo. Udogo wa bei ya kwanza umewadanganya wengi.

Bei imeandikwa. Niulize nini kingine kabla ya kulipa?

Uliza bei hiyo ni kwa vipande vingapi, maana ya katoni moja na ya katoni hamsini hazifanani. Uliza kama ina kodi: bei za sokoni kwa kawaida ni bila risiti rasmi, *fapiao*, na ukiitaka baadaye bei hupanda. Uliza kama inafikisha mzigo hadi ghala la kargo yako, mzigo uko tayari au utatengenezwa, na kwa siku ngapi.

Advansi ya kawaida ni asilimia 30, na 70 iliyobaki hulipwa mzigo ukishakaguliwa. Kata kipande cha kitambaa au chukua sampo moja, saini juu yake na muuzaji asaini, mpige picha pamoja na ankara. Bila sampo iliyosainiwa huna hoja mzigo ukija na uzi mwembamba. Na usipige picha dukani kabla ya kuomba ruhusa. Wauzaji huchukia, wanajua picha hiyo itapelekwa kwa jirani.

Mzigo unafikaje kwa kargo kutoka maduka kumi tofauti?

Kargo yako itakupa kadi yenye anwani ya ghala kwa Kichina na marki yako: herufi za jina, namba ya simu, mji unakokwenda. Chapisha kadi hizo hamsini. Kila unapolipa, acha moja na uhakikishe marki inaandikwa kwenye katoni kwa kalamu nene, pande mbili, mbele ya macho yako. Katoni isiyo na marki ghalani haina mwenyewe.

Kabla ya kuagiza, pima katoni: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000,000. Katoni ya 60 × 50 × 40 ni CBM (mita za ujazo) 0.12, hivyo hamsini ni CBM 6. Kwa ndege, zidisha vilevile halafu gawa kwa 6,000: katoni hiyo hiyo inahesabiwa kilo 20 hata kama ndani kuna mito ya kilo 5.

Naruhusiwa kununua bidhaa zenye nembo za kampuni kubwa?

Usiziguse. Wanaokuita pembeni na katalogi wakakupeleka chumba cha ndani wanauza bandia. Zikikamatwa China, Mombasa au Dar es Salaam, hasara ni yako. Bidhaa halali nazo, za umeme kwa mfano, zinaweza kuhitaji cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa, kwa TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya. Muulize wakala wa forodha wa nyumbani kabla ya kulipa advansi.

## Mambo yakienda kombo

Polisi wamenisimamisha wakitaka pasipoti, nami nimeiacha hotelini.

Sheria inamtaka mgeni wa miaka 16 na zaidi kutembea na pasipoti, na Xiaobei na Sanyuanli ukaguzi ni wa kawaida. Picha kwenye simu husaidia kukutambua, ila haichukui nafasi yake. Kaa mtulivu, toa jina la hoteli (usajili wako upo kwenye mfumo wao), na omba uende nao kuichukua. Itunze kwenye mfuko wa ndani wenye zipu.

Nimepoteza pasipoti.

Hatua ni tatu, na mpangilio haubadiliki. Kwanza polisi, upate karatasi ya kupotelewa. Pili ubalozi wa nchi yako, kwa hati ya kusafiria. Tatu ofisi ya uhamiaji ya polisi wa Guangzhou, wakupe viza ya kutokea, kwa sababu ya zamani imepotea na pasipoti. Usibadilishe tiketi kabla ya hatua ya tatu.

Oda haijaisha na siku zangu za viza zinakwisha.

Omba kuongezewa angalau siku 7 kabla ya mwisho. Kuzidisha ni faini ya yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000, na unaweza kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Mara nyingi ni nafuu kuondoka na kumwachia wakala akague mzigo, akikutumia video ya katoni zikifunguliwa.

Nataka kupita Hong Kong siku moja kisha nirudi.

Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong au Macau imekwisha, na hurudi Guangzhou bila viza mpya. Shenzhen ni salama, iko upande huu wa mpaka.

Nimeugua usiku.

Gari la wagonjwa ni 120, polisi 110, zimamoto 119. Hospitalini huanza kwa kujiandikisha na kulipa, kisha daktari, kisha kulipa tena kwa vipimo na dawa. Nenda na pasipoti, Alipay yenye salio la kadi, na mtu wa hotelini akuandikie dalili zako kwa Kichina kwenye karatasi. Kama una kisukari au presha, beba dawa za safari nzima zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari.